Jumanne Iliyokuja Mara Mbili

Mimi shule niliishia darasa la nne, la tano nililiona kupitia dirishani tu. Lakini chuo kikuu nimekaa miaka kumi na moja, na hakuna profesa wa kunibishia, maana soksi zao nilizifua mimi, na mtu akishakufulia soksi huna tena cha kumficha.

Chuo chenyewe kilikuwa meli. Usicheke, ngoja nimalize. Meli nyeupe, ndefu kama mtaa, na ndani yake wanafunzi mia nne. Miezi minne wanazunguka dunia, wanasoma. Leo wako darasani wanafundishwa habari za mawe, kesho wameshushwa bandarini wakayaone mawe yenyewe, jioni wamerudi na matope mpaka kwenye kola. Matope hayo ndiyo yaliyokuwa riziki yangu. Nilikuwa dobi.

Sisi wa dobi tulikuwa chini kabisa, chini ya jiko, chini ya kila kitu. Ukiweka kiganja ukutani unaisikia bahari inapita upande wa pili, taratibu, kama mtu anayepapasa ukuta akitafuta swichi. Dirisha hakuna. Jua tulikuwa tunasimuliwa. Siku zetu sisi zilikuwa ubaoni.

Ubao huo nautaja mapema kwa sababu ndio ulioleta mambo yote. Ulikuwa umepigiliwa mlangoni, na mwenye chaki alikuwa mmoja tu, mkubwa wetu, tuliyemwita Pasi. Si kwamba alikuwa anapiga pasi, la. Ni kwamba ukimgusa kidogo tu unaungua. Ubao wa Pasi ulikuwa hivi: nguo zikikusanywa leo zinalala kwenye kizimba cha waya, zinafuliwa kesho. Ghorofa ya nne inakusanywa Jumanne, inafuliwa Jumatano. Mabaharia wanasema sitaha, sisi tulisema ghorofa, na meli haikuzama kwa ajili hiyo. Miaka kumi na moja sijaona ubao ule unabadilika hata herufi. Hata chaki ilikuwa ileile, nadhani.

Na Pasi alikuwa na pua. Hilo nalo likumbuke. Shati likija, anashika kola, anavuta pumzi mara moja tu, anasema, "Mafuta ya mashine. Beseni la pili." Au, "Jasho la woga. Huyu ana mtihani. Sabuni ya kawaida." Hakukosea. Mimi pua yangu ilikufa zamani, kwa ile dawa ya madoa. Nikirudi likizo, mke wangu aunguze sufuria, atoke mbio uani, anikute nimekaa palepale kwenye moshi nasikiliza redio. "Husikii harufu?" "Harufu gani, mama?" Anashika kiuno. Anasema aliolewa na ukuta.

Sasa, wanafunzi tulikuwa tunawajua kwa namba za vyumba, kwa sababu ndizo zilizokuwa kwenye mifuko yao ya nguo. Wao walikuwa wananiita Babu Povu, mimi nawaita kwa namba. Na huyu binti ninayetaka kukuambia alikuwa wa chumba mia nne na kumi na mbili, kwa hiyo kwangu alikuwa Kumi na Mbili, mpaka leo sijui jina lake la nyumbani.

Alikuja huko chini safari ilipokuwa imeshapita nusu. Wanafunzi hawaruhusiwi kushuka kwetu, kuna mvuke, kuna mashine. Nikamwona kasimama mlangoni, kashika mfuko wa plastiki kifuani kama mtu aliyebeba yai.

"Shikamoo Babu."

"Marahaba. Umepotea, mjukuu wangu. Chakula kiko juu."

"Nimekuja kwako. Nilitaka kuuliza, harufu inakaa muda gani kwenye nguo?"

"Inategemea," nikamwambia. "Samaki siku tatu. Petroli mwezi. Wavulana wa ghorofa ya pili, hiyo haitoki mpaka wahitimu."

Hakucheka. Hapo nikajua kuna jambo. Nikamvutia ndoo, nikaigeuza, akakaa.

Baba yake alikuwa amefariki wiki mbili nyuma. Habari ilimkuta katikati ya bahari, bandari ya karibu ni mwendo wa siku tano, na mpaka meli ifike penye nchi kavu watu walishazika, wameshatawanyika. Baba mwenyewe alikuwa fundi viatu, ana kibanda chake, kazi ya mikono. Siku ya kumsindikiza binti bandarini kulikuwa na upepo wa baridi, mzee akavua shati lake la kazi akamvisha mtoto, yeye akabaki na fulana, anatetemeka huku anajifanya anachangamka. Shati ndilo hilo, ndani ya plastiki, limefungwa mafundo matatu. Halijaguswa na maji tangu siku ile.

"Ni langu na si langu," akasema. "Nampelekea mama. Mama baada ya msiba alifua nguo zake zote, Babu. Zote, siku moja, alitaka tu mikono ipate kazi. Halafu akazigawa. Sasa kila nikimpigia simu analia. Anasema, nimemfua baba yako mpaka ameisha."

Mwenzangu, mimi nimekuwa dobi ujana wangu wote. Kazi yangu ni kufukuza harufu. Watu wanakuja kwangu wanasema, toa hii, ondoa hii. Sijawahi kuombwa hata siku moja nifundishe namna ya kuitunza. Nikausikiliza ule ukuta. Kisha nikamwambia ninachokijua, ila nikakigeuza ndani nje, kama unavyogeuza suruali. Usiweke juani. Usiweke penye joto wala karibu na sabuni. Plastiki mbili, moja ndani ya nyingine. Ukitaka kumnusa, mara moja kwa wiki, hesabu moja mbili tatu, funga. Na usilale nalo.

"Kwa nini nisilale nalo?"

"Jasho lako litamfukuza."

Akafuta macho na kiwiko. Akaanza kunieleza habari za mzee wake, jinsi alivyokuwa anashika misumari kwa midomo huku anaongea, jinsi mama alivyomwachisha sigara kwa kumnyima chai mwezi mzima mpaka akaapa. Vitu vidogo vidogo. Alipoondoka nikampa ahadi, na siku hizi huwa naangalia sana kinywa changu kinapotoa ahadi. Nilisema, "Shati hilo halitagusa maji maadamu mimi nimo kwenye meli hii." Na siri ile nikaiweka, sikumwambia Pasi wala mtu yeyote.

Safari ikaenda. Wiki za mwisho tukawa tunarudi nyumbani kwa upande wa jua linakotoka, na huko ndiko nilikoona maajabu. Kila baada ya siku mbili, saa nane mchana, spika zinalia: ndugu abiria, sogezeni saa zenu mbele, sasa ni saa tisa. Basi. Saa nzima imeliwa. Nani kaila, hatuambiwi. Unashika shuka lina maji, unaliachia, ni jioni. Unaenda kulala hujachoka, unaamshwa hujalala. Meli nzima ikawa inatembea kwa ncha za vidole. Wanafunzi wanapita na mito kwapani, wanasinzia kwenye ngazi, wanaagana na watu ambao bado wako nao chumba kimoja. Profesa mmoja wa hesabu alinikabidhi soksi moja, akaniambia nimrudishie Ijumaa nikishaisoma. Nikamwambia sawa, profesa. Ningemwambia nini?

Na bahari nayo ilikuwa imetulia, haki ya Mungu, kama shuka lililotoka kwenye pasi. Nilikuwa napanda juu wakati wa mapumziko naitazama. Hakuna mwanzo, hakuna mwisho, meli iko katikati siku zote, kesho yake iko katikati palepale. Ungeniambia tumesimama na dunia ndiyo inayopita chini yetu, ningekubali.

Halafu wakatangaza kwamba kesho itakuwa Jumanne tena.

Niliposikia nikadhani spika imekwama. Kumbe kweli. Wasomi walinieleza mara nne. Ukizunguka dunia kuelekea jua linakotoka, zile saa ulizonyang'anywa moja moja unarudishiwa zote pamoja, siku nzima, mahali fulani baharini ambapo pana mstari usioonekana. Ukiuvuka, jana yako inaanza upya. Mmoja akachukua chungwa, akalizungusha mbele ya taa, hapa sisi, hapa jua, hapa mstari. Alipomaliza akalimenya tukala. Chungwa nililielewa.

Hiyo Jumanne ya kwanza ilikuwa siku ya mtihani wa mwisho, na mimi kama kawaida nilikuwa na toroli ghorofa ya nne nakusanya mifuko. Chumba mia nne na kumi na mbili akafungua yule binti aliyekuwa akikaa chumba kimoja na Kumi na Mbili, tuliyemwita Hodi, kwa sababu binti yule hakuwahi kubisha mlango wa mtu maisha yake yote. Roho nzuri, lakini anaingia tu.

"Babu Povu! Chukua huu, umejaa mpaka juu. Nimekusanya na za mwenzangu. Maskini yuko kwenye mtihani, jana hakulala, akirudi akute chumba kinang'aa."

"Mungu akubariki," nikasema, tena kwa sauti. "Ungekuwa mjukuu wangu ningekuoza kwa mfalme."

Nikautupa mfuko begani. Mzito. Nikashuka nao ngazi nikiimba. Nilimbeba baba wa mtu begani kama nabeba mashuka, na nikaimba.

Asubuhi yake nikaamka, nikavaa, nikafika kazini, nikamkuta Pasi kasimama mbele ya ubao wake na mikono nyuma, kama askari mbele ya bendera.

"Mzee, chukua toroli. Tukakusanye ghorofa ya nne."

"Tulikusanya jana, bwana Pasi."

"Jana ilikuwa siku gani?"

"Jumanne."

"Na leo?"

"Leo..." nikajikuna. "Leo Jumanne."

"Jumanne huwa tunafanya nini?"

"Jamani, lakini kizimba kimejaa! Mifuko hiyo hapo inatutazama. Tuwashe mashine, tufue, tumalize mapema, tupumzike kama watu."

"Ubao unasema ghorofa ya nne inafuliwa Jumatano. Wewe ukiiona Jumatano hapa, niite."

Nikamwambia ubao hauna akili. Akaniambia ndiyo maana haukosei. Nikamwambia hata punda akifika kwake hageuki kurudi shambani eti kwa sababu jua halijazama. Akaniambia basi nikafanye kazi kwa huyo punda. Tulibishana robo saa nzima, na mimi, nakiri leo, nilikuwa nimeshika kitasa cha mashine mkononi. Ningekuwa na ubavu kuliko yeye, ningeiwasha. Nilikuwa nautaka sana usingizi wangu.

Lakini mkubwa ni mkubwa. Tukapanda na toroli tupu. Siku hiyo haikuwa na darasa wala mtihani, haikuwemo kwenye ratiba ya mtu yeyote, na ghorofa nzima ilikuwa imelala milango wazi, unasikia pumzi za watu kama mawimbi madogo. Tunagonga mlango, hakuna kitu. Mlango wa pili, hakuna. Kijana mmoja akatoka amejifunga taulo, akatutazama kwa jicho moja.

"Babu, nguo zangu zote mlichukua jana. Mmekuja kuchukua na taulo?"

Mlango wa Kumi na Mbili tuliugonga pia. Hodi alijibu kutoka shukani kwamba hana kitu, tumwache alale. Tukarudi chini na soksi moja.

"Niiandike ubaoni hii?" nikamuuliza Pasi. "Mavuno ya Jumanne ya pili?"

Akanuna, akaingia kwenye kijiofisi chake akafunga mlango. Mimi nikakaa juu ya ndoo, nikawa nacheka peke yangu. Mashine zote kimya. Sijawahi kusikia chumba kile kikiwa kimya namna ile. Maji tu upande wa pili, yanapapasa.

Ilikuwa kama saa tatu hivi nikasikia miguu inashuka ngazi mbio. Kumi na Mbili. Kiatu mguu mmoja, mguu wa pili hauna kitu, nywele hazijachanwa.

"Babu, mmeshafua?"

"Kufua nini? Tulia kwanza."

"Za ghorofa ya nne! Nilikuwa napanga sanduku, nimefungua kabati, plastiki iko pale tupu, Babu, tupu. Nikamwamsha mwenzangu. Anasema alidhani ni nguo chafu nimeisahau, ilikuwa inanuka, akaitoa akaiweka kwenye mfuko wa kufua. Anasema amekupa wewe. Jana."

Nikaona ule mfuko, nikausikia uzito wake begani, na wimbo niliokuwa naimba ukanirudia wote, kila neno. Ahadi nilitoa mimi. Mfuko niliubeba mimi. Na saa hizo, siku yoyote nyingine ya miaka kumi na moja, nguo zilizokusanywa jana zingekuwa zimeshazunguka kwenye maji moto saa mbili nzima.

Nikageuka kuitazama mashine. Mlango wake wazi. Kavu.

"Mjukuu wangu," nikamwambia. "Leo siku gani?"

"Jumanne. Si wamesema Jumanne tena?"

"Basi hatujafua."

Hakunielewa, na sikuwa na muda wa kueleza. Nikafungua kizimba tukaanza kuvuta mifuko. Jana yake nilianza kukusanya kutoka mia nne na moja, kwa hiyo mfuko wake ulikuwa chini kabisa, umekaliwa na ghorofa nzima. Tukavuta, tukatupa nyuma, tukavuta. Sakafu ikawa mlima. Tulipoufikia mfuko wenyewe nikaukata kamba kwa meno. Taulo mbichi. Gauni la Hodi limelowa manukato. Nguo ya kuogelea bado ina maji ya chumvi. Na katikati, limejikunja kama kitoto cha paka, shati la kijivu.

Akalikamata kwa mikono miwili akazika uso. Akakaa hivyo. Mimi nasubiri. Akainua kichwa.

"Sinusi kitu."

"Nusa tena."

Akanusa tena. Akageuza, akanusa kwapani, kola, mfukoni. Pua yake ilikuwa imejaa machozi, unasikia kabisa inavyogoma, lakini yeye hakufikiria hilo, na mimi wakati ule sikufikiria. "Imekwenda," akasema. "Imelala usiku mzima na manukato na taulo, imekwenda. Babu, nusa wewe. Wewe ndiye dobi. Niambie ukweli."

Akaniletea shati usoni. Nikavuta pumzi mpaka mbavu zikauma. Hakuna kitu. Ukuta. Ningenusa moto ningeona ni maji. Na binti ananitazama machoni, na ninajua akifika nyumbani mama yake atalinusa hilo shati, na mama ana pua nzima. Nikisema ipo na haipo, nitakuwa nimemuua mzee yule mara ya pili. Nikisema haipo na ipo, ndiyo mbaya zaidi. Kinywa changu kikafunguka, na sijui mpaka leo kingesema nini, kwa sababu mlango wa ofisi ulifunguka kwanza.

"Soko limefunguliwa lini humu ndani?" Pasi huyo. Anaona mlima wa nguo sakafuni, anaona mwanafunzi, anaona mimi na kamba mdomoni. "Nani ameruhusu mtoto wa watu huku chini? Na mifuko hii nani kaifungua? Nimesema Jumatano! Na hili nini?"

Akalinyakua shati mkononi mwa binti. Ndiyo kazi yake, mkono wake haujui kufanya vingine. Akashika kola, akavuta pumzi mara moja.

"Gundi ya viatu," akasema. "Na ngozi. Na tumbaku." Akanitazama kwa hasira. "Hii haitoki kwa sabuni ya kawaida, Mzee, unajua kabisa. Beseni la tatu. Loweka."

Akaanza kwenda nalo kwenye beseni.

Mwenzangu, tulipiga kelele mimi na yule binti kwa pamoja, "Hapana!", mpaka Pasi akalikumbatia lile shati kama sisi ndio majambazi. Binti akakaa chini palepale, juu ya mlima wa nguo za watu, akawa analia na kucheka, huwezi kujua kipi kimeanza.

"Umesema gundi?" akamuuliza.

"Gundi, nimesema. Una fundi viatu kwenu?"

"Na tumbaku?"

"Tumbaku mbichi, si ya zamani. Mtu huyu alivuta asubuhi ya siku aliyovua."

"Alimwapia mama ameacha!" Akashika kichwa. "Mimi miaka yote nilidhani ni harufu yake tu. Nilidhani baba ndivyo alivyo."

Ndipo nikamweleza Pasi. Nilieleza vibaya, nilianzia katikati, lakini alielewa. Hakusema pole, hajui kuisema. Aliliweka shati mezani, akaingia ofisini, akarudi na ule mfuko mzito wa plastiki wa kuhifadhia sare ya nahodha, ambao hata mimi sikuwahi kuruhusiwa kuugusa. Akalikunja shati mwenyewe, kola juu. Akafunga fundo la kwanza, la pili, la tatu. Akampa binti kwa mikono miwili.

Kumi na Mbili akaupokea, lakini hakuondoka mara moja. "Babu," akasema, "mimi nahesabu siku tangu baba aondoke. Jana zilikuwa hamsini na nne. Leo nihesabu?"

Nilimtazama Pasi, Pasi akatazama ubao.

"Ubao unasema Jumanne," akajibu. "Jumanne ulishahesabu."

Binti akaitikia kwa kichwa taratibu, akapanda ngazi na kiatu chake kimoja. Nilipogeuka Pasi alikuwa ananiangalia.

"Tumalize mapema," akasema, akiigiza sauti yangu. "Tupumzike kama watu."

Nilianza kurudisha nguo za watu kwenye mifuko, na ilinichukua mpaka jioni, na Jumatano ilipokuja tukafua.

Siku sita baadaye tukafika. Asubuhi kweupe, bandari imejaa ndugu, jamaa na watu wenye maua. Wanafunzi wanashuka wanalia kama wanaenda vitani, na huko waendako ni kwa mama zao. Mimi na Pasi tulikuwa tumepanda juu kushika ukingo, dakika tano, kwa ruhusa yake mwenyewe. Nikamwona Kumi na Mbili anapita ngazi, plastiki kaikumbatia kifuani kwa mikono miwili. Hodi yuko nyuma yake amebeba sanduku lake na la mwenzake, maana tangu siku ile alikuwa anambebea kila kitu isipokuwa hiyo plastiki.

Mama alikuwa mwanamke mfupi, mtandio wa buluu. Walishikana muda mrefu. Halafu binti akampa mfuko, akasema maneno, kutoka juu tuliona midomo tu. Mama akakaa juu ya sanduku katikati ya watu wote wale. Akafungua fundo la kwanza. La pili. La tatu akakaa nalo, akalifungua. Akainamisha uso ndani.

Watu wanapita kushoto na kulia, wanamkwepa. Hakuinuka. Nikahesabu moja, mbili, tatu, nikafika kumi.

Mara mama akainua uso, akalitazama lile shati kwa macho makali, akalizaba kofi. Tena kofi la nguvu, la mke kwa mume. Akalizaba la pili. Kisha akalikumbatia, mabega yake yakaanza kutikisika, na binti akapiga magoti mbele yake, na kwa jinsi kichwa chake kilivyoenda nyuma nilijua anacheka.

"Nilisema tumbaku," akasema Pasi.

Akajifuta pua yake ile kwa kitambaa, akaniambia dakika tano zimekwisha. Tukashuka. Kulikuwa na mashuka mia nne.